Chupa ya kioo yenye dosari: ya kununua kwa siki na achari, na ya kuiacha sokoni

Chupa yenye ufa usiinunue, hata muuzaji akikupa kama zawadi. Chupa nzima isiyo na kifuniko, au yenye bomba bovu, mpira uliokauka, waya ulioshika kutu, hiyo ichukue bila ya wasiwasi. Maneno yapo baina ya hizo mbili, kwa sababu vioo vikuukuu vinavyouzwa Unguja na Pemba ni vya kila namna: madumu ya kioo ya juisi, yenye bomba, yaliyotolewa hotelini, chupa za mdomo mpana zilizokuja kwenye makontena ya vyombo vya mitumba, chupa za lita 20 zenye shingo nyembamba, na majagi ya zamani kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe. Anayetengeneza siki ya maji ya nazi, au achari ya ndimu na ya embe kwa kuuza, anavihitaji vyombo hivi, na vipya vyake ni ghali.

Kioo kinapendwa kwa kazi hii kwa sababu siki na chumvi havikili, hakibaki na harufu ya thomu, na unaona ndani bila ya kufunua. Ukungu ukianza juu ya achari unauona siku ile ile, na ule utando mzito wa siki, mama wa siki, unauona ukijitanda. Sufuria ya alumini haiwezi kazi hii kabisa. Siki huila mpaka ikatoa matundu.

Kwa nini tunaukataa ufa kwa ukali hivi? Kioo kina nguvu sana kikibanwa, na ni dhaifu kikivutwa. Chupa iliyojaa huvutwa wakati wote: maji yanasukuma ubavu kwa nje, joto linatanua upande mmoja kabla ya mwengine. Kwenye kioo kizima mvuto huo hugawika. Kwenye ufa hujikusanya wote kwenye ncha yake, na hapo ndipo kioo kinapozidi kupasuka. Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1921, na kioo ndicho alichokitumia kwenye majaribio yake. Unyevu nao unazidisha ubaya: maji yakifika kwenye ncha ya ufa hukidhoofisha kioo, na ufa ukatambaa polepole hata kama chupa haijaguswa na mtu. Ndiyo maana chupa yenye ufa inaweza kukaa na maji siku kadhaa bila ya kuvuja, kisha ikafunguka usiku. Muuzaji anayesema aliijaza jana na haikuvuja huenda anasema kweli, lakini kweli hiyo haikufai kitu.

Gundi pia haifai. Haifiki kwenye ncha ya ufa, na gundi nyingi hazikutengenezwa kukaa na siki ya kuliwa. Chupa ya lita 20 ikijaa hufika kilo 25 au zaidi pamoja na kioo chenyewe. Ikigawanyika mikononi mwa mtu, vigae vyake hukata kano na mishipa ya mkono. Tunalisema hili kwa uzito wake: hakuna siki inayolingana na mkono.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo maelekezo ya nchi za baridi hayalitaji. Achari yetu huanikwa. Chupa inakaa juu ya dari ya saruji au barazani tangu asubuhi, kioo kinashika moto mkali, kisha mvua ya vuli inashuka ghafla. Kioo cha kawaida, kile cha chupa na bilauri, hutanuka karibu mara tatu zaidi ya kile cha maabara na cha bakuli za kuingizwa tanurini. Mabadiliko ya ghafla ya nyuzi 40 hivi yanaweza kukivunja, na kikiwa na dosari huvunjika kwa mabadiliko madogo kuliko hayo. Kwa hiyo chupa ya kuanikwa lazima iwe nzima zaidi kuliko ya siki inayokaa kivulini. Usidhani pia kwamba kioo kinene ni salama zaidi kwenye moto. Kinene ndicho kinachopasuka mapema, kwa sababu joto linachelewa kupita upande wa pili.

Kukagua sokoni si kazi kubwa, lakini kunataka subira. Ifute chupa vumbi kwanza, maana uchafu hufunika ufa. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni, uizungushe chupa taratibu. Ufa humetameta kama uzi wa fedha na kupotea ukibadilisha pembe. Mkwaruzo hubaki pale pale. Tazama sana sehemu tatu: mdomo, pembe ya chini ambapo ubavu unakutana na kitako, na pambizoni mwa tundu la bomba. Ukiona alama iliyotawanyika mithili ya nyota, chupa imegongwa, iache. Kisha igonge kidogo kwa kifundo cha kidole ikiwa tupu. Nzima hulia na sauti ikabaki kidogo, yenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa. Kipimo hiki hufaa zaidi kwa kioo chembamba, usikitegemee peke yake.

Kipo kipimo kingine kizuri kwa mwenye kompyuta ya mkononi. Fungua ukurasa mweupe mtupu, vaa ile miwani ya jua inayokata mng'ao wa bahari, uinamishe kichwa upande mpaka skrini iwe nyeusi. Sasa weka chupa baina ya miwani na skrini. Kioo kilichotulia hubaki na giza au mwanga hafifu. Mahali penye mkazo uliofungika ndani ya kioo pataonesha mwanga mkali au michirizi ya rangi. Mwanga kidogo kwenye pembe ya kitako ni wa kawaida. Ukiona mwanga uliotanuka kama upepeo umetoka mdomoni au kwenye tundu la bomba, chupa hiyo isiuone moto wala jua.

Mdomo uliomeguka unajadilika. Kwa siki, ambayo inahitaji hewa na hufunikwa kwa kitambaa na mpira tu, pengo dogo la upande wa nje si kizuizi, mradi hakuna ufa unaoshuka kutoka hapo. Kwa achari, ambayo unaifunga na kuingiza kijiko kila siku, pengo kwenye sehemu inayokaa mpira halikubaliki: hewa itaingia, na chembe za kioo zinaweza kuanguka ndani. Pengo linaloweza kuokolewa hulainishwa kwa msasa wa maji, namba 220 kwanza, kisha 400, kisha 600, chupa na msasa vyote vikiwa ndani ya beseni la maji ili vumbi la kioo lisipande puani. Ukimaliza pitisha kipande cha pamba kavu mdomoni. Kikinasa nyuzi, bado. Rudia na tochi, kwa sababu kusugua kunaweza kufichua ufa uliokuwa umejificha.

Weupe mithili ya ukungu ulioshika kioo ndani ya chupa tupu huwatisha watu bure. Maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya matumbawe na yana chokaa nyingi. Mimina siki nyeupe, au maji yaliyotiwa unga wa asidi ya limau kijiko kimoja cha chakula kwa nusu lita, uache nusu saa. Ikiwa ni chokaa itaondoka, na hapo umepata chupa nzuri kwa bei ya mbaya. Weupe uliobaki baada ya hapo ni kioo chenyewe kilicholiwa na sabuni kali kwa miaka. Kwa nafaka kavu inafaa, kwa siki tafuta nyengine. Mikwaruzo ya ndani ambayo ukucha unakwama ni ya kukataa pia, kwa sababu mbili: hudhoofisha kioo, na huwa maficho ya vijidudu ambavyo brashi haivifikii.

Majagi mazito yanayomeremeta, yenye nakshi za kukatwa, yanayolia kengele ndefu ukiyagonga, usiyatie siki hata yakiwa mazima kabisa. Kioo hicho cha kristali mara nyingi kina risasi, madini yenye sumu; cha kale hufika asilimia 24 au zaidi ya oksidi ya risasi, na asidi huitoa risasi ikaingia kwenye chakula bila ya kubadilisha ladha. Hapa hakuna ukarabati. Chupa zilizokuwa na dawa za mashamba, asidi ya betri au kemikali za maabara nazo ziache.

Madumu ya juisi ya hotelini ndiyo tunayoyapenda zaidi, maana mengi huuzwa kwa sababu ya bomba tu. Tundu lake kwa kawaida lina upana wa milimita 16 hivi. Lipime kabla ya kununua bomba jipya. Chagua bomba la plastiki ya chakula au chuma cha pua, usichague lililopakwa rangi ya fedha, siki itaimenya. Washa, yaani pete ya mpira, iwe pande zote mbili, ndani na nje, chuma kisiguse kioo. Kaza nati kwa vidole. Spana ndiyo inayopasua matundu hayo, na ufa wa pale huanza mdogo kiasi cha kutoonekana bila ya tochi.

Vinywaji vyenye gesi ni habari nyengine. Gramu 4 za sukari kwenye lita moja, zikichacha zote, hutoa takriban lita nzima ya gesi. Ukifunga chupa ya lita 5 yenye nusu kilo ya sukari na hamira hai, gesi itakayotaka kutoka inapita lita 100. Tangawizi ya kuchacha itie kwenye chupa za plastiki za soda: zikijaa gesi unazihisi ngumu kwa mkono, unafungua kidogo. Kioo kikuukuu usikifunge kwenye kazi hiyo, hata ukikiona hakina kasoro. Kwa sababu hiyo hiyo, maji ya nazi ya kutengenezea siki, uliyoyatia sukari gramu 100 kwa lita na hamira, yafunike kwa kitambaa, na uache robo ya chupa tupu kwa ajili ya povu.

Ukikuta haidromita ya mitumba, ile ya kupimia sukari, itumbukize kwenye maji safi. Iliyotengenezwa kusoma 1.000 kwenye nyuzi 20 itasoma kama 0.998 kwenye maji ya nyuzi 28, na hiyo ni sawa. Ikisoma mbali na hapo, karatasi ya ndani imeteleza au maji yameingia. Kipimajoto chenye zebaki ndani, ile ya rangi ya fedha, usikilete jikoni.

Chupa iliyopita ukaguzi ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, isuuze mpaka isiwe na harufu ya siki uliyosafishia chokaa, ndipo utie maji yenye kijiko kimoja cha chai cha Jik kwa lita, dakika 10, kisha suuza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Mpangilio huo usiuvuruge: Jik ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, nayo hudhuru mapafu. Maji ya moto yanayotokota usiyamimine ndani. Baada ya hapo iweke uani ndani ya beseni, juu ya gunia lililokunjwa, ijaze maji kidogo kidogo, uiache siku nzima, ukague unyevu chini. Ibebe kwa kukishika kitako, si shingo, na ukiisafirisha kwa daladala iwe tupu.

Kuhusu bei: jumlisha chupa, bomba, mpira na nauli. Jumla ikipita nusu ya bei ya mpya, nunua mpya. Na kama huna uwezo wa mpya, siki inatengenezeka vizuri kwenye ndoo ya plastiki yenye alama ya 2 au 5 kwenye pembe tatu ya kitako, ambayo haijawahi kutiwa rangi wala mafuta ya taa. Kwenye ndoo huoni ndani, hivyo funua kitambaa kila baada ya siku chache, unuse, na ukiona ukungu wenye manyoya wa kijani au mweusi, mwaga vyote.