Mzuka umepauka, au ulichapwa hivyo?

Swali: Nimenunua chapa ya Kijapani ya Utagawa Kuniyoshi, ya mwaka 1851, inayoonyesha mzuka wa Asakura Togo katika mchezo wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani. Watu wengine wote wamechorwa kwa mistari myeusi, lakini mzuka mistari yake ni ya kijivu, na kuanzia kiunoni kwenda chini anatoweka. Muuzaji alisema jua limemla, akanipunguzia bei. Je, rangi inaweza kurudishwa? Na mbona jina la mwigizaji halipo?

Jibu: Usirudishe chochote, kaka. Ikiwa iko kama ulivyoieleza, muuzaji kajipunja mwenyewe.

Tuanze na mistari. Wino mweusi wa chapa hizi, sumi, hutengenezwa kwa masizi na gundi, na masizi ni kaboni, mwanga hauyawezi. Itundike chapa dirishani miaka na miaka: nyekundu ya maua, beni, itakufa, zambarau itageuka rangi ya udongo, lakini mstari wa sumi utabaki mweusi tii. Mstari wa kijivu ulio mkali na usiokatika ulizaliwa kijivu.

Kwa kawaida mistari yote ya picha huchongwa kwenye ubao mmoja wa mcheri, na kila rangi ikawa na ubao wake. Kwa mzuka, mchongaji aliitoa mistari yake kwenye ubao ule mkuu, akaichonga kwenye ubao mwingine uliopakwa wino uliozimuliwa. Chukua lenzi utazame pale mkono wa kimono unapopita mbele ya ukuta au pazia. Ukiona nakshi za nyuma zinaendelea ndani ya mkono bila kukatika, umeshika ushahidi: mzuka alikusudiwa aonekane kama kioo, macho yapite ndani yake.

Kuhusu miguu, mizuka ya Kijapani, jukwaani na kwenye picha, mara nyingi haina. Hapo mchapaji hutumia bokashi: analowesha sehemu ya ubao kwa kitambaa, anapaka rangi upande mmoja, maji yanaivuta hadi inaisha. Hufanywa kwa mkono kila karatasi, ndiyo maana nakala mbili za chapa moja hazifanani sawasawa. (Mimi hupenda kuziweka pamoja nikabahatisha mchapaji alichoka saa ngapi.)

Hata hivyo, rangi nyingine zinaweza kuwa zimepauka kweli. Itoe kwenye fremu, igeuze. Karatasi hii ya magome ya kozo hunywa rangi hadi nyuma, na nyuma haikuona jua. Nyekundu ikiwa kali zaidi nyuma kuliko mbele, mwanga umekula.

Jina la mwigizaji halipo kwa sababu mwaka 1842 serikali ilipiga marufuku chapa za waigizaji. Ziliporudi, wachapaji waliandika jina la mhusika tu. Wanunuzi wa Edo, Tokyo ya leo, waliitambua sura ya Ichikawa Kodanji wa Nne, aliyeigiza Togo, bila kuambiwa. Tafuta pia mihuri miwili midogo ya mviringo, ya wakaguzi. Ilitumika ikiwa pamoja kati ya 1847 na 1852, kwa hiyo inalingana na 1851 yako.

Usiioshe, hata kwa maji safi, maana beni huchuruzika. Ukiitundika, iwe mbali na dirisha, mwanga usizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga).