Jibu: Kwa nini Subukia, na si karibu?

Dada, umeuliza kwa nini wanaparokia wa hapa Mombasa hukesha kwenye basi kwenda Subukia. Kituo kile cha hija cha Bikira Maria kiko jimbo la Nakuru, kikaanza enzi za Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki (1971 hadi 1996), na kila Oktoba maaskofu huongoza huko sala ya kitaifa. Lakini wengi, nionavyo mimi, hufuata chemchemi ya mlimani. Unapanda kwa Njia ya Msalaba, rozari mkononi, ukifika juu ni foleni ya vidumu. Beba sweta, sisi wa joto hutetemeka kule. Kidumu kitupu pia, majirani watakuagiza maji tu.