Dawa ya pili ya presha: niliyojifunza kabla ya kukubali kuongezewa

Katika mwaka wangu wa pili wa kuishi na shinikizo la damu, dawa yangu ya presha, amlodipini ya miligramu 5, ilishindwa kulishusha chini ya 150 kwa 95. Daktari alipotaka kuniongezea dawa nyingine nilikataa, kwa kuwa niliamini kwamba vidonge viwili ni dalili ya ugonjwa kukomaa, nikaomba kipimo cha dawa niliyoizoea kipandishwe hadi miligramu 10. Presha ilishuka kidogo tu, lakini vifundo vya miguu vilivimba hadi jioni viatu vikawa havivaliki, na uvimbe huo huongezeka kadiri kipimo cha amlodipini kinavyopanda.

Laiti ningalijua kwamba uchambuzi wa majaribio 42, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya kundi lingine hushusha presha takriban mara 5 zaidi ya kupandisha dawa ileile maradufu, nisingalikataa.

Iongezwe dawa ipi, basi? Jaribio la CREOLE, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, liliwahusisha wagonjwa weusi 728 wa nchi 6 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Amlodipini pamoja na hidroklorothiazidi, na amlodipini pamoja na perindoprili, zilifanya kazi sawa, na zote mbili zilishusha namba ya juu ya presha kwa takriban milimita 3 za zebaki zaidi ya perindoprili pamoja na hidroklorothiazidi. Kwangu mimi tokeo hilo lina maana kubwa: mtu anayetumia amlodipini anaweza kuchagua dawa ya kuandamana nayo kwa kuangalia madhara na hali ya mwili wake.

Hidroklorothiazidi hukojoza, hupunguza madini ya potasiamu mwilini na inaweza kuamsha jongo, ndiyo maana kaka yangu mwenye jongo hakupewa. Mimi nilirudishwa kwenye miligramu 5 na kuongezewa perindoprili. Presha ilitulia, ila kikohozi kikavu kilininyima usingizi mwezi mzima, nikabadilishiwa losartani, ambayo haina tabia hiyo, na uvimbe wa miguu nao ukapungua. Perindoprili na losartani hazitumiwi pamoja, na mwanamke mjamzito hapewi hata moja kati ya hizo.

Kwa mgonjwa ambaye dawa 3 zimeshindwa, jaribio la PATHWAY-2 la Uingereza, la mwaka 2015, lililinganisha spironolaktoni, bisoprololi na doksazosini, na spironolaktoni ikazishinda nyingine waziwazi. Hata hivyo, inaweza kuvimbisha matiti ya wanaume na kupandisha potasiamu, hasa ikitumiwa pamoja na losartani, kwa hiyo nakusihi usiianze bila kupimwa damu na figo, wala usiache kurudi kupimwa tena baada ya kuianza.

Kabla ya yote hayo, mweleze daktari kila kidonge unachomeza, hata kile ulichonunua dukani bila cheti. Shangazi yangu alikuwa karibu kuandikiwa dawa ya nne, kumbe kila siku alikuwa akimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti, na dawa hiyo hupandisha presha na kuzidhoofisha dawa zinazoishusha. Alipoachishwa, presha yake ilishuka ndani ya wiki chache, na ile dawa ya nne haikuandikwa.