Foromali imevunjika, maji yanaingia, watoto wanalia

SWALI: Shikamoo mzee. Sisi tunatoka Mikindani kwenda Kilwa na mashua yetu ya tanga, mimi, mume wangu na wanangu watatu. Juzi foromali, ule mti wa juu unaobeba tanga, ilikatika na maji yakaanza kuingia kwenye maungio, nikachanganyikiwa kabisa. Tufanyeje ikitokea tena? Mama Watatu, Mikindani.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni. Kwanza tanga lishuke, foromali ikishakatika usibishane nayo. Halafu tafuta maji yanapoingilia. Kama ni ubavuni, wote hamieni upande wa pili mashua ilale huko, tundu litoke majini, ndo unasindilia kitambaa cha kanga kilichopakwa sabuni ya mche, kaza kwa kisu pole pole usije ukapasua ubao. Wakubwa wapokezane upo (chombo cha kuchotea maji) kuyatoa maji nje, watoto wavae maboya tangu ufukweni, sio wayalalie kama mito (nawajua nyie!). Mtu akidondoka, mmoja kazi yake ni kumnyooshea kidole tu asimpoteze machoni. Redio ya VHF, ya mawasiliano ya baharini, iwepo; chaneli 16 ndiyo ya kuomba msaada. Na hiyo kalafati, yaani kuziba maungio ya mbao, mliifanya lini?