Chagua Ratiba ya Kusoma Biblia Isiyokudai Madeni

Bwana asifiwe. Wiki iliyopita nilifika Ufunuo 22 na kuimaliza Biblia nzima, jambo ambalo baadhi ya wapendwa wa kikundi changu cha nyumbani walikuwa na hakika sitaliweza, na sasa haohao wananiuliza nilifuata ratiba gani.

Wengi huanza na ile ya sura tatu kwa siku tangu Mwanzo. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, hivyo hesabu hiyo haiko mbali na kuimaliza kwa mwaka, ila tazama inakokupeleka: Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo aliyeanza tarehe 1 Januari huingia Mambo ya Walawi tarehe 31, akiwa bado anahangaika na ada za watoto, na hapo hana pumziko lolote kutoka kwenye sadaka za kuteketezwa, nywele za kidondani zilizogeuka nyeupe na kuta za nyumba zenye ukoma. Akikosa siku nne, anadaiwa sura kumi na mbili. Nilipokuwa na deni la namna hiyo, kiongozi wetu alinitaja kwa jina mbele ya wageni. Nimemsamehe, ingawa hata shati alilovaa nalikumbuka.

Iliyonifikisha ni ratiba ya Robert Murray M'Cheyne, mchungaji wa Dundee huko Uskoti, aliyowaandalia washirika wake mwaka 1842. Kila siku ina sehemu nne, ukianzia Mwanzo, Mathayo, Ezra na Matendo kwa pamoja; kwa mwaka unapitia Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Walawi unaisoma sambamba na Zaburi na nyaraka za Paulo, na hilo peke yake lilinivusha. Nakala yangu niliitoa kwenye duka la fotokopi, nikakata safu ya tarehe kwa mkasi, nikawa naweka alama ya vema kila nilipomaliza siku, iwe imechelewa au la.

Mwenye kazi ya zamu au mtoto mchanga asome sehemu mbili kwa siku na kumaliza kwa miaka miwili, bila kumwomba mtu radhi. Asiyewahi kumaliza hata kitabu kimoja aanze na Marko, sura 16 tu, ndipo aitafute karatasi ya ratiba. Nanyi viongozi, acheni kuwataja watu kwa majina mbele ya wengine. Muulizeni mtu amesoma nini.