Stori ya bibi yangu ilivyonibeba kwenye kikao cha bajeti (na siku iliyoniaibisha)

Mkuu umeuliza kama ukiweka stori ya maisha yako kwenye prezentesheni ya kuombea foklifti mpya (ile mashine ya kunyanyulia mizigo) mabosi hawatakuona unaleta porojo. Inategemea na stori yenyewe. Mimi imeshanibeba na imeshaniaibisha, ngoja nikupe zote mbili.

Niko kitengo cha ubora wa korosho huku Mtwara. Mwaka wa kwanza nilitaka kampuni inunue maturubai tuwakopeshe wakulima waanikie, nikaandaa slaidi 34, magrafu ya unyevu, chati za duara, rangi za kila aina. Nafika slaidi ya kumi mhasibu mkuu anachati, mwingine kaegemea kiti macho yameshalegea, mwisho bosi akasema "ahsante, tutaliangalia". Hiyo "tutaliangalia" wote tunaijua.

Msimu uliofuata nikabaki na slaidi moja tu. Nikasimama nikawaambia nikiwa darasa la sita kule Newala tulianika korosho za bibi uani, juu ya mchanga, usiku wa manane mvua ikashuka, tukaamka kuzizoa gizani pamoja na kokoto zake na kuzishindilia kwenye magunia hivyo hivyo mbichi maana asubuhi fuso linakuja. Kufika ghalani jamaa akachota sampuli akaanza kukata moja moja kwa kile kikatio chao, ka, ka, ka, anazipanga mezani zimeachama, na nyingi ndani zina ukungu. Bibi hakuulizwa kitu, akaambiwa tu "mama, hizi daraja la pili". Njia nzima kurudi hakusema neno. Na aliyeambiwa jioni azifunike nilikuwa mimi, nikaenda kucheza mpira.

Hapo nikanyamaza, nikatoa vifuko viwili vya korosho nilizokwisha kuzikata, za mchangani na za turubai, nikavizungusha mezani. Mhasibu akanusa kile cha mchangani akakunja uso, akauliza "kwani turubai moja bei gani?" Ndio nikafungua slaidi yangu, bei ya turubai huku, kule tofauti ya bei ya daraja la kwanza na la pili kwa kila gunia. Hesabu ni ile ile ya mwaka wa kwanza jamani, ilikuwa slaidi ya 27.

Sasa aibu. Nikajiona bingwa, wakaja wanunuzi kutoka India nikawapigia stori ile ile, safari hii na vikorombwezo, dakika saba nzima bibi tu. Mmoja akaniuliza kwa upole, unyevu asilimia ngapi, na pauni ngapi za kiini kwenye gunia la kilo 80 (ndivyo wanunuzi wanavyopima ubora wa korosho)? Nikaanza kupekua makaratasi. Wale korosho wanaijua kuliko mimi, hawakuhitaji kuonyeshwa ukungu unafananaje, walitaka namba wafanye biashara. Kwa hiyo stori mpelekee mtu ambaye tatizo hajawahi kuliona kwa macho, fundi mwenzako mpe namba kwanza.

Halafu jirekodi kwenye simu. Yangu ya kwanza ilitoka dakika nne, nikakata mambo ya shule, ya mjomba, ya aina ya miembe iliyokuwa pale uani (sijui niliiweka ya nini), ikabaki moja na nusu. Kile kipande cha kosa lako mwenyewe usikitoe, mimi bila hicho ningeonekana namtumia bibi kuombea hela. Na kama stori ina mtu mwingine muombe ruhusa, mimi nilimpigia bibi akacheka, akasema "sema tu mjukuu wangu, ila usiseme nilikuwa nakoroma mvua inaanza". Sikusema, nimesema hapa.

Kwa upande wako umeandika juu juu kwamba foklifti ilizima na mzigo ukiwa hewani ukakaa hivyo mpaka fundi akaja. Mkuu, hiyo umeipa nusu mstari halafu aya tatu nzima ni gharama za matengenezo! Ulikuwa umesimama wapi? Nani alikuwa anapita chini? Ulipiga kelele au ulikauka? Anza na hapo, za matengenezo weka slaidi moja nyuma yake, na kama una picha ya siku ile hata ya simu ichukue.

Kikao umesema Alhamisi, ukirekodi iandike hapa ilivyo tukusaidie kuikata.