Kesi ya matunzo ya mtoto: panga hesabu kabla ya kwenda kortini

Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya kinawapa baba na mama jukumu sawa la kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Jukumu sawa halimaanishi kulipa nusu kwa nusu. Hakimu hupima uwezo wa kila mmoja, kwa hiyo mama anayeuza mitumba soko la Kibuye, Kisumu, hatatozwa kiasi kile kile anachotozwa baba mwenye mshahara wa kaunti, lakini naye lazima aonyeshe anachoingiza.

Anza na gharama za mtoto. Karo hulipwa kwa muhula, hivyo jumlisha mihula mitatu ugawe kwa 12 ili upate kiasi cha mwezi. Sare na viatu vihesabiwe hivyo hivyo. Wengi hukosea kwenye kodi: nyumba ni ya shilingi 9,000, wanaishi mama na watoto wawili, naye anaandika 9,000 yote. Andika sehemu ya watoto, kama 6,000. Ukiongeza chumvi kwenye kitu kimoja na wakili wa upande wa pili akakigundua, hata risiti zako za kweli zitatiliwa shaka.

Mapato ndiyo yanayofichwa. Omba korti imwamuru mwenzako aweke hati ya kiapo inayoeleza mapato, mali na madeni yake, pamoja na taarifa za benki na M-Pesa za miezi 12. Wewe ya kwako ya M-Pesa utaipata kwa *334#, na uitoe bila kusubiri kulazimishwa.

Hati ya mshahara isomeni kwa makini. Mtu anaweza kuonyesha mshahara wa 60,000 unaobaki kiasi kidogo tu mkononi. Ukichunguza, kodi ya serikali, NSSF, bima ya afya na ushuru wa nyumba za bei nafuu si vya hiari. Lakini mikopo ya SACCO na akiba ya hisa amejichagulia mwenyewe, na mtoto hapaswi kuja nyuma ya mkopo wa pikipiki. Mweleze hakimu tofauti hiyo waziwazi, mstari kwa mstari.

Asiye na mshahara ana alama zake pia: taarifa ya nambari ya Lipa na M-Pesa ya duka, hati ya umiliki wa matatu, upekuzi katika ofisi ya ardhi, malipo ya miwa au maziwa, bonasi ya chai. Pesa za msimu zisihesabiwe kwa mwezi ule mnono pekee. Chukua mwaka mzima ugawe. Kwa mkulima, mara nyingi inafaa aagizwe kutoa kiasi kidogo cha chakula kila mwezi, kisha alipe karo moja kwa moja shuleni.

Kabla ya kesi, pitia ofisi ya watoto ya kaunti ndogo yako. Huduma ni bure, na afisa anaweza kuwaita nyote wawili mkaandikiana mapatano. Yapelekeni kortini yawe agizo, la sivyo kuyatekeleza ni taabu. Asiyemudu wakili aulize FIDA, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu. Kesi ikifunguliwa, omba mara moja maagizo ya muda, maana mtoto lazima ale hata kesi ikiendelea.

Kuhama na mtoto ni jambo zito zaidi. Ukipata kazi Nairobi au nje ya nchi, mwandikie mzazi mwenzako mapema: shule mpya, mahali pa kuishi, likizo za Aprili, Agosti na Desemba zitagawanywaje, nauli italipwa na nani. Ikiwa tayari kuna agizo la malezi, rudi kortini kwanza. Anayehofia mtoto kutoroshwa aombe agizo la kuzuia asiondolewe nchini, na pasipoti iwekwe kortini. Nauli ikipanda, hesabu ya matunzo nayo inabadilika, kwa hiyo pelekeni mambo hayo mawili pamoja.

Usizuie mtoto kuonwa kwa sababu pesa hazijatumwa, wala usiache kulipa kwa sababu umenyimwa kumwona. Kila moja lina dawa yake kortini. Lipa kwa M-Pesa au benki, kamwe si taslimu bila risiti. Ukifutwa kazi, omba kiasi kipunguzwe mwezi huo huo. Malimbikizo hayajifuti, na asiyelipa anaweza kuitwa ajieleze kwa nini asifungwe jela.